Kupanda Kilimanjaro hadi Uhuru: maswali ambayo wenyeji huniuliza

Wageni wa ng'ambo huja wakiwa wameshasoma kila kitu. Wanaonipigia simu na kuuliza ni watu wa hapa: binamu anayefanya kazi Dar, mwalimu mwenye kundi la wanafunzi, rafiki wa Nairobi, kijana aliyeona picha ya mwenzake kwenye kibao cha Uhuru, kileleni. Nilianza mlima nikiwa mpagazi upande wa Marangu, siku hizi naongoza. Majibu ni yale yale kila mara, basi nimeyaweka pamoja.

Mimi si mwanamichezo. Nitafika?

Kama ni mzima, unaweza kutembea saa tano au sita kwa mwendo wa kwenda sokoni, na umejipa siku za kutosha, uwezekano ni mkubwa. Nimewahi kumpandisha mama wa miaka hamsini na kitu, muuza vitenge, akafika Uhuru saa moja na nusu asubuhi. Mpwa wake, mcheza mpira, alikuwa ameshateremshwa tangu saa nane usiku. Kijana alikuwa na mapafu mazuri, na ndiyo yaliyomponza: siku mbili za kwanza alikuwa akitutangulia kambini na kutungoja juu ya jiwe, anatucheka.

Jiandae kwa miezi miwili. Panda ngazi badala ya lifti, na kila Jumamosi tembea kutwa ukiwa na begi mgongoni. Aliye Dar aende vilima vya Pugu, wa Morogoro ana Uluguru mlangoni, na wa Arusha akipanda Meru kwanza atakuja kwangu nusu ya kazi ikiwa imeisha. Vaa buti zako mpya wakati wa mazoezi. Malengelenge ya siku ya kwanza hukaa na wewe hadi siku ya mwisho.

Siku ngapi zinatosha?

Hili ndilo swali lenyewe, na ndilo watu hubana ili kuokoa hela. Njia ya Marangu huuzwa kwa siku tano: usiku wa kwanza Mandara (mita 2,720), wa pili Horombo (3,720), wa tatu Kibo (kama 4,720), na usiku huo huo saa tano unaamshwa uende kileleni, mita 5,895. Hesabu mwenyewe. Jumatatu mchana ulikuwa getini kwenye mita zisizofika 1,900, na alfajiri ya Alhamisi unautaka mwili wako ufanye kazi kwa karibu nusu ya oksijeni uliyoizoea pwani. Mwili haukatai kwa uvivu. Unahitaji muda wa kubadilisha upumuaji na damu, na muda huo haununuliwi kwa nguvu za miguu.

Ongeza siku moja Horombo. Asubuhi mnatembea hadi Zebra Rocks, yale mawe yenye michirizi, mnapanda juu kidogo, mnarudi kulala pale pale. Inaonekana kama siku ya kupoteza. Kwa uzoefu wangu hakuna kitu kingine unachoweza kununua mlimani kinachokusaidia kama hiyo siku, si buti za bei kali wala vidonge.

Kwa Machame na Lemosho chukua siku saba au nane. Ukipewa bei ya Machame ya siku sita, jua kwamba wamekata usiku wa kambi ya Karanga, kwa hiyo utatoka kambi ya Barranco hadi kambi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele, siku moja na kuondoka usiku huo huo ukiwa umechoka.

Njia ipi basi?

Marangu ndiyo pekee yenye vibanda na vitanda, nyingine zote ni mahema. Zamani waliiita njia ya Coca-Cola, wakimaanisha ni laini, na Machame wakaiita njia ya Whisky. Jina hilo limewadanganya wengi. Marangu ina mteremko mzuri kweli, ila unapanda moja kwa moja bila kushuka kulala chini.

Machame ina siku moja ya thamani sana: unatoka Shira, unapanda hadi Lava Tower kwenye mita 4,600 hivi, unakula chakula cha mchana ukiwa na kichwa kizito, kisha unashuka kulala Barranco chini ya mita 4,000. Kupanda juu na kulala chini ndiyo siri yake. Lemosho inaanzia Londorossi, magharibi, na ni nzuri zaidi kama una siku nane. Rongai iko kaskazini karibu na mpaka wa Kenya, ni kavu, na huwa naipendekeza mvua zikikaribia. Umbwe ni mwinuko mkali, sikushauri kwa safari ya kwanza.

Ningekuwa napanda na dada yangu, ningempeleka Machame siku saba.

Ni kweli Mtanzania analipa kidogo? Siwezi kwenda mwenyewe?

Ada za hifadhi kwa raia wa Afrika Mashariki hutozwa kwa kiwango chao na ni ndogo mno ukilinganisha na anazolipa mgeni kwa dola. Beba kitambulisho cha NIDA au pasi, nakala kwenye simu isikutoshe. Viwango hubadilika, viulize TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, wenyewe, na malipo hufanywa kwa control namba au kadi, hakuna pesa taslimu getini.

Ila ada siyo gharama kubwa kwa raia. Kinachokula fedha ni watu na chakula: mwongozaji, msaidizi wake, mpishi, na wapagazi watatu hivi kwa kila mpandaji kwenye njia za mahema. Huruhusiwi kupanda bila mwongozaji mwenye leseni. Mkiwa kundi la sita au nane mnagawana gharama hizo, ndiyo maana makundi ya ofisini na ya chuo hupata bei nafuu. Bei ikiwa ya chini kupita kiasi, jiulize nani anaibeba tofauti. Mara nyingi ni mpagazi.

Niende mwezi gani?

Januari hadi mwanzo wa Machi, au mwisho wa Juni hadi Oktoba. Epuka masika. Novemba mvua za vuli husumbua. Watu wengi wa hapa hupenda kupanda kuelekea tarehe 9 Desemba, Siku ya Uhuru, na inaleta raha ya pekee, lakini njia inakuwa na watu wengi na msituni kuna matope. Ukiweza kupanga usiku wa kileleni uangukie mbalamwezi, fanya hivyo, utazima taa na kuuona mlima mzima.

Baridi nitaiweza? Mimi nimezaliwa Tanga.

Baridi ya kileleni alfajiri ni nyuzi kumi chini ya sifuri, na upepo ukivuma inauma kuliko hapo. Hakuna aliyezaliwa na baridi hiyo, hata sisi wa Marangu. Ni suala la nguo.

Vaa tabaka juu ya tabaka: fulana ya ndani isiyo ya pamba (pamba ikilowa jasho inakugandisha), sweta jepesi la manyoya, jaketi nene la kujaa, na juu yake koti la kuzuia upepo na mvua. Suruali vivyo hivyo. Jozi mbili za glovu, nyembamba ndani na nene nje. Mzula unaofunika masikio, kitambaa cha kuziba pua na mdomo, miwani ya jua, taa ya kichwa yenye betri mpya. Na mfuko wa kulalia ulio mzito kweli kweli.

Usinunue vyote hivyo. Moshi kuna maduka ya kukodi, na pale soko la Memorial, kwenye mitumba, mwenye macho hupata jaketi la theluji lililotoka Ulaya kwa bei ya kanga mbili. Buti tu ndizo ziwe zako.

Huo ugonjwa wa mwinuko ni kitu gani, na nitajuaje ninao?

Karibu kila mtu huumwa kichwa kidogo akivuka mita 3,500, anakosa hamu ya kula, analala vibaya. Hiyo ni kawaida. Kunywa maji, tembea taratibu, mwambie mwongozaji wako. Kinachotisha ni kichwa kisichotulia hata baada ya dawa ya maumivu, kutapika, na uchovu wa kushindwa hata kufunga kamba za viatu. Hapo hupandi tena hadi utulie, na usipotulia unashuka.

Kuna aina mbili zinazoua. Moja maji huingia kwenye mapafu: mtu anahema akiwa amekaa tu, anakohoa, kifua kinakoroma, midomo inabadilika rangi. Nyingine ubongo huvimba: anapepesuka kama mlevi, anaongea ovyo, hajui yuko kambi gani. Kipimo chetu ni rahisi, tunamwambia atembee kwenye mstari, kisigino mbele ya kidole. Akiyumba, anashushwa saa hiyo hiyo, hata kama ni saa saba usiku na mvua inanyesha. Oksijeni ya mtungi husaidia wakati mnashuka, ila dawa yenyewe ni kushuka. Hifadhi ina machela za gurudumu moja, na helikopta za uokoaji zipo anga ikiruhusu, lakini usiku na kwenye ukungu ni miguu ya wagumu tu. Wagumu ndilo jina wanaloitana wapagazi.

Tatizo kubwa kwa wenzetu ni kuficha. Mgeni akiumwa kichwa atakuambia mara kumi. Sisi tunaona aibu, hasa wanaume tukiwa na wenzetu wa kazini. Niliwahi kuwa na kundi la ofisi moja ambapo bosi alitapika nyuma ya jiwe, akajifuta, akarudi kwenye mstari kama hakuna kitu. Mpishi ndiye aliyemwona. Tulimshusha hadi Horombo, na jioni yake alikuwa anakula wali na kudai alikuwa anaonea wivu vitanda vya kule chini.

Diamox je? Na tangawizi?

Diamox husaidia mwili kuzoea mwinuko. Ni dawa ya daktari, si ya kugawiana kambini. Kama Septrin au SP zilishakuletea vipele au uvimbe, mwambie daktari una mzio wa salfa kabla ya kuandikiwa. Itakupeleka haja ndogo mara nyingi na vidole vitachonyota, usishtuke. Tangawizi hutuliza tumbo na chai yake ni tamu kwenye baridi. Haizuii ugonjwa wa mwinuko.

Kuna ambao hawafai kabisa kupanda?

Kuna jambo moja wageni huwa hawaulizi na sisi tunapaswa kuliuliza: selimundu. Mwenye ugonjwa wa selimundu asipande, upungufu wa oksijeni unaweza kuziba mishipa yake na kumletea mateso makali au kifo. Hata aliyebeba vinasaba tu bila kuumwa anaweza kupata madhara ya bandama huko juu, hivyo apime na kuzungumza na daktari. Wajawazito wasubiri. Presha, moyo, kisukari na pumu ni za kujadiliwa hospitali kwanza, wapo wenye presha iliyodhibitiwa ambao nimefika nao vizuri tu.

Watoto chini ya miaka 10 hawaruhusiwi kwenda kileleni. Wapeleke Mandara kwa siku moja, waone mbega na kreta ya Maundi, warudi nyumbani jioni wakiwa na matope na furaha.

Usiku wa kileleni ukoje?

Unaamshwa saa tano usiku kwa chai na biskuti ambazo huzitaki. Unavaa kila kitu ulichobeba. Saa sita mnaondoka kwa mstari, mwongozaji mbele, msaidizi nyuma, na unachokiona ni duara dogo la mwanga na visigino vya aliye mbele yako. Hatua moja, pumzi moja. Hakuna mazungumzo baada ya nusu saa ya kwanza.

Kutoka Kibo unapanda kokoto zinazoteleza, zigizaga hadi pango la Hans Meyer, kisha zigizaga kali zaidi hadi Gilman's Point, mita 5,685. Kutoka Barafu unafuata tuta la mawe hadi Stella Point, mita 5,756. Njia zote mbili zina wakati mmoja mbaya, kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri. Baridi iko kwenye ukali wake, maji ya chupani yameanza kuganda, usingizi unakuvuta ukiwa umesimama, na kila ukiinua macho unaona taa za waliotangulia zikiwa juu sana, unafikiri ni nyota. Hapo ndipo watu hulia. Walie tu, mradi wanatembea. Mimi huanza kuwaimbia, na wagumu wanaokuja nyuma huitikia.

Halafu kunakucha nyuma ya Mawenzi, kilele cha pili cha mlima. Mstari mwembamba mwekundu, kisha wa dhahabu, na mtu aliyeniambia dakika kumi zilizopita kwamba hawezi kuinua mguu ananiomba nimpige picha. Kutoka Gilman's hadi Uhuru bado ni saa moja na nusu au mbili, ukizunguka ukingo wa kreta, na kutoka Stella ni dakika arobaini na tano au saa nzima. Watu wengi huridhika hapo ukingoni na kugeuka. Sikulazimishi, ila ukiwa hupepesuki na kichwa kiko sawa, vumilia, sehemu ngumu umeshaimaliza.

Juu utakaa dakika kumi na tano, ishirini. Picha, kumbatio, shuka.

Ukuta wa Barranco, ule wa kupanda ukitoka kambini, unahitaji kamba?

Hapana. Ni mawe ya kushika kwa mikono kwa saa moja na nusu. Kuna jiwe moja ambalo lazima ulikumbatie ili upite, na kila kundi lina mtu wa kulibusu. Weka fimbo zako kwenye begi, utahitaji mikono yote miwili.

Tutakula nini?

Vizuri kuliko unavyofikiri: uji, mayai, supu, wali, tambi, viazi, matunda. Mwambie mpishi mapema kama unataka ugali na mtori, atashukuru, amechoka kupika chipsi. Ukifika Barafu hamu ya kula itakuwa imeisha, lazimisha supu. Maji lita tatu hadi nne kwa siku. Usiku wa kileleni igeuze chupa kichwa chini, barafu huanza kuganda juu, na mdomo wa chupa utabaki wazi. Maji ya kambi ya Barafu hubebwa kichwani na wagumu kutoka Karanga, kwa hiyo usinawie miguu nayo.

Choo? Na nikiwa kwenye siku zangu?

Vyoo vya shimo vipo kila kambi, na kampuni nyingi hukodisha choo cha hema. Hedhi mara nyingi huja bila ratiba huko juu, beba pedi hata kama si wakati wake, na mfuko wa kurudishia taka chini. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu 2019, tumia ya kitambaa au ya zipu inayoruhusiwa. Ukitaka mwongozaji wa kike, omba mapema, wapo na ni hodari.

Mtandao unashika?

Tangu 2022 TTCL, shirika la simu la taifa, imefikisha intaneti Horombo, na kwingine utaupata kwa vipande. Betri ndiyo shida, baridi huimaliza. Lala na simu ndani ya mfuko wa kulalia na usiku wa kileleni iweke kifuani.

Wapagazi nao tuwape tipu? Si sisi ni Watanzania wenzao?

Ndiyo, wapeni. Nilibeba miaka minne, najua. Mzigo wa mpagazi hupimwa getini na haupaswi kuzidi kilo 20 pamoja na vitu vyake. Anaondoka kambini baada yako, anakupita njiani, na ukifika hema lako limesimama. Posho yake ni ndogo na tipu ndiyo inayolipa ada ya shule. Hakuna anayetegemea utoe kama Mmarekani. Kaeni kama kundi siku moja kabla ya kumaliza, mchange, mtangaze kiasi mbele ya wote ili kisipungue njiani. Na salimieni. Mgeni husema "jambo" kwa kila mtu, halafu Mtanzania mwenzetu anapita kimya kama tuko Kariakoo.

Nani alifika kwanza?

Vitabu husema Hans Meyer, Mjerumani, na Ludwig Purtscheller wa Austria, tarehe 6 Oktoba 1889. Hawakwenda wawili peke yao, walikuwa na wapagazi na waongozaji, na Marangu tunamkumbuka Yohani Kinyala Lauwo. Meyer alikiita kilele jina la mfalme wake. Jina hilo lilikufa usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha bendera ya Tanganyika na Mwenge, na tangu hapo ni Uhuru.

Mbona hatupandi Mawenzi?

Mita 5,149 za mwamba uliooza, unaomeguka mkononi. Ni kazi ya kamba na wataalamu. Bibi yangu alikuwa na maelezo yake: Mawenzi alikuwa mvivu, kila siku moto wake unazimika, anakwenda kwa Kibo, kilele hiki tunachopanda, kuomba kaa. Siku moja Kibo akachoka, akachukua mchi na kumtwanga. Ndiyo maana yuko vile.

Theluji bado ipo?

Ipo, na mvua za juu huifanya ionekane nyingi kwa siku kadhaa. Barafu ya kudumu ndiyo inayokwisha: tangu vipimo vya 1912 imepotea zaidi ya asilimia 80. Rebmann, mmisionari Mjerumani, alipoandika kwamba mwaka 1848 aliona theluji karibu na ikweta, wasomi wa Ulaya walimcheka. Mwanangu naye huenda akachekwa akisema ilikuwepo. Wazee wapagazi hunionyesha mahali ambapo walikuwa wakikata ngazi kwenye barafu, na leo ni vumbi.

Nisipofika kileleni narudishiwa fedha?

Hapana.

Kushuka je, ni rahisi?

Kunaumiza zaidi. Baada ya kutembea usiku kucha unashuka mita zaidi ya 2,500 siku hiyo hiyo hadi kambi ya Mweka, na magoti yanakulaumu. Kata kucha za miguu kabla hujaja, vinginevyo utazipoteza. Tumia fimbo mbili, kaza kamba za buti kifundoni, na usikimbie kwenye kokoto hata kama wagumu wanakimbia. Wao wamezoea.

Cheti kinapatikana wapi?

Getini, siku ya mwisho, mwongozaji akithibitisha ulipofika. Walioishia Gilman's au Stella wanapata chao tofauti na cha Uhuru.

Naweza kuchukua jiwe la kumbukumbu?

Hairuhusiwi kutoa chochote hifadhini, liwe jiwe, ua au unyoya wa kunguru. Vumbi la kwenye buti unaweza kuondoka nalo, ila ukitokea Mweka vijana wa getini watakuwa wameshaziosha kwa elfu chache kabla hujapanda gari.